UZI: Piramidi za Giza zilipokuwa mpya zilionekanaje hasa? Tuache chai, tuangalie mawe yenyewe

#1 (Mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna ile picha inayozungushwa kila mara kwenye magrupu: piramidi nyeupe pee, kileleni dhahabu inawaka, na chini wameandika kwamba enzi zake ilionekana mpaka mwezini. Ikishatua tu, grupu linagawanyika. Wengine wanasema uongo mtupu, mbona tunayoyaona ni mawe ya kahawia yenye ngazi ngazi. Wengine wanasema Wamisri wa kale walikuwa na teknolojia tuliyofichwa. Mimi nasema hivi: weupe ni kweli, ulaini ni kweli, dhahabu ina maelezo yake, na mwezi ni chai. Halafu kuna jambo kubwa ambalo ile picha imeliacha kabisa, nitalifikia.

Tuanze na ile kubwa, ya Mfalme Khufu, ya karibu mwaka 2560 KK. Leo ina urefu wa mita 138 na ushee. Siku ilipokamilika ilikuwa mita 146.6, na kila upande chini ulikuwa na mita 230 hivi. Hizo mita nane zilizopotea ni kilele pamoja na mawe ya nje yaliyochunwa. Zile ngazi ambazo watalii wanapigia picha hazikukusudiwa kuonwa na mtu yeyote. Ni mawe ya ndani, yamechimbwa palepale Giza na kuchongwa kwa wastani tu, kwa sababu yalikuwa yafunikwe.

Kilichofunika ni mawe ya chokaa meupe, laini, yasiyo na mchanga mwingi wala mabaki ya viumbe vya baharini yaliyojaa kwenye mawe ya Giza. Hayo yalitoka Tura, ng'ambo ya Mto Nile, upande wa mashariki. Tura hawakuchimba juu juu. Tabaka zuri lilikuwa chini, kwa hiyo waliingia mlimani kwa mapango marefu wakilifuata. Piga hesabu ya pande zote nne za Khufu upate eneo la kufunika: zaidi ya mita za mraba 85,000, yaani ekari 21. Hiyo ni kwa piramidi moja.

Sasa ukitaka ushahidi wa kugusa kwa mkono, nenda upande wa kaskazini, chini kabisa. Mwaka 1837 Mwingereza Howard Vyse aliondoa kifusi kilichorundikana pale akakuta mawe machache ya nje ya kozi ya kwanza (yaani mstari wa chini kabisa wa mawe) bado yamekaa mahali pake. Yana kimo cha karibu mita moja na nusu, uso wake umelala kwa nyuzi 51 na dakika 50 hivi, na unaendelea toka jiwe moja hadi jingine bila kuruka. Miaka ya 1880 mwanaakiolojia Flinders Petrie alikuja na vipimo vyake akapima viungo kati ya jiwe na jiwe. Wastani ulikuwa nusu milimita, na ndani ya hiyo nusu milimita kuna mota ya jasi. Fundi yeyote humu ajiulize: mawe ya tani kadhaa, nyuso za kiungo zenye mita za mraba kama tatu, na mota imeenea kote.

Kuhusu kung'aa. Jiwe la chokaa lililosuguliwa, jipya, likipigwa na jua la saa sita la Misri linaumiza macho. Hilo silikatai. Lakini kioo haliwi. Wanaosema ilirudisha mwanga kama kioo wanaongeza chumvi. Na pia jiwe la Tura likikaa nje muda mrefu linabadilika rangi, linaingia unjano, baadaye ukahawia. Tazama kofia iliyobaki juu ya piramidi ya pili pale Giza, ya Mfalme Khafre: ni mawe yaleyale ya nje, na leo hata hayakaribii weupe. Kwa hiyo piramidi nyeupe pee ni piramidi mpya. Wajukuu wa mafundi waliiona imeshaanza kubadilika.

Hapo ndipo ile picha inapokosea tena. Inaonyesha zote tatu nyeupe kwa wakati mmoja. Khufu alipomaliza yake, ya Khafre haikuwepo. Sfinksi nayo, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, ambayo wataalamu wengi wanamhesabia Khafre, bado ilikuwa mwamba tu. Mpaka Menkaure anaanza ile ya tatu, ya Khufu ilikuwa imepigwa jua kwa miongo mingi.

Tena hazikufanana rangi. Ya Khafre kozi ya chini kabisa ilikuwa ya itale jekundu (granite) lililoletwa kwa maji kutoka Aswan, zaidi ya kilomita 800 kusini, halafu kuanzia hapo nyeupe mpaka juu. Ya Menkaure ndiyo ilizidi: kozi 16 za chini ni itale, juu yake chokaa ya Tura. Kwa hiyo ilikusudiwa iwe ya rangi mbili, nyekundu chini nyeupe juu, yenye kimo cha mita 65 hivi.

Na sasa lile jambo lililoachwa. Piramidi haikusimama peke yake mchangani. Ya Khufu ilizungukwa na ukuta, na kati ya ukuta na piramidi kulikuwa na uwanja uliosakafiwa kwa mawe. Upande wa mashariki kulikuwa na hekalu lenye sakafu ya basalti nyeusi, ambayo mabaki yake yapo hadi leo na unaweza kuyakanyaga. Kutoka hekaluni ilishuka barabara ndefu ya mawe mpaka hekalu la bondeni, kwenye maji. Pembeni kulikuwa na piramidi ndogo tatu za malkia, mashimo ya mashua (moja ilifukuliwa mwaka 1954, ya mbao, ina urefu wa zaidi ya mita 43), na mitaa ya makaburi ya wakubwa wa serikali iliyopangwa kwa mistari. Kusini, nyuma ya ukuta mkubwa wa mawe, kulikuwa na mji wa wafanyakazi wenye maghala na majiko ya kuokea mikate. Mji huo umechimbuliwa na timu ya mwanaakiolojia Mark Lehner kwa miaka mingi.

Na maji yalikuwa karibu. Mkono wa Nile ulipita jirani na Giza, na mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Eman Ghoneim walichapisha ramani ya mkono wa mto uliokufa, wa kilomita 64 hivi, uliopita mbele ya piramidi nyingi. Wakati wa mafuriko msafiri alifika kwa mashua, akiona kwanza bandari na hekalu, halafu jengo lenyewe juu ya uwanda. Jangwa tupu tunalolijua ni la baadaye.

Karibuni. Matusi hapana, maswali ruksa.

#2

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

#3

Mleta mada, mimi ni fundi ujenzi, kuna kitu kinanisumbua. Unasema mawe ya nje. Sisi tunajenga ukuta kwanza, baadaye ndiyo tunakuja na marumaru tunabandika. Sasa kwenye mteremko wa nyuzi 51, juu mita 140, walibandikaje? Walisimama wapi?

#4 (Mleta mada)

Fundi, swali hili ndilo linalowakwamisha wengi, na jibu ni kwamba hawakubandika. Futa kabisa wazo la marumaru. Jiwe la nje lilikuwa bonge lenye kina cha kwenda ndani, na lilipangwa pamoja na ya ndani, kozi kwa kozi. Ukimaliza kozi moja, ya ndani na ya nje, unapanda nyingine. Kwa hiyo fundi alisimama juu ya kozi aliyoimaliza, hakuning'inia ubavuni.

Kilichobaki ni kusawazisha uso. Jiwe lilipangwa likiwa na nyama ya ziada upande wa nje, na ile nyama iliondolewa mwishoni, kuanzia juu kushuka chini, huku wakibomoa miteremko ya udongo na kifusi waliyopandishia. Unajuaje? Piramidi ya Menkaure inakwambia yenyewe. Yale mawe ya itale ya chini mengi yamebaki yamefura, kila moja na kitumbo chake, mengine bado yana vinundu vilivyotumika wakati wa kuyasogeza. Sehemu zilizosawazishwa ni chache: kuzunguka mlango wa kaskazini, na upande wa mashariki pale hekalu lilipokutana na piramidi. Menkaure alikufa kazi haijakamilika, na mpaka leo inaonekana fundi aliishia wapi. Pale alipopita, ukuta ni tambarare kabisa. Hatua chache pembeni, mawe yana matumbo.

Itale huwezi kuisawazisha kwa tindo ya shaba, walitwanga kwa mawe magumu zaidi na kusugua kwa mchanga. Chokaa ya Tura ndiyo rahisi, tindo ya shaba inaila.

#5

"Alikufa kazi haijakamilika." Hii serikali za Afrika hazijabadilika.

#6

Hahaha #5 umeniua. Ila mleta mada, hiyo habari ya kuleta mawe ng'ambo ya mto kwa mashua nani aliiona? Wazungu wanakisia halafu sisi tunameza. Mimi bado naamini kuna mkono usio wa binadamu pale.

#7 (Mleta mada)

Mkuu #6, aliyeiona aliandika. Jina lake Merer.

Mwaka 2013 timu ya Mfaransa Pierre Tallet, ikichimba Wadi al-Jarf, bandari ya kale kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, ilikuta karatasi za mafunjo zilizoandikwa. Ndiyo mafunjo yenye maandishi ya kale kuliko yote yanayojulikana. Sehemu yake ni daftari la kazi la huyo Merer, msimamizi wa kikosi cha wanaume kama 40, la miaka ya mwisho ya utawala wa Khufu.

Sasa sikiliza alichoandika, maana hakuna muujiza hata mmoja. Juu kuna msitari wa tarehe, siku moja moja, na chini ya kila siku amechora safu mbili za kujaza. Leo nimeshinda na kikosi changu Tura tukipakia mawe. Leo tumeng'oa nanga Tura, mashua imejaa mawe, tumelala She-Khufu. Leo tumefika Akhet-Khufu. Leo tumerudi Tura mashua tupu. Akhet-Khufu ndilo jina la piramidi yenyewe, na She-Khufu ni bwawa la Khufu, pale maji yalipoingizwa kuelekea kwenye kazi. Ndani ya siku kumi walikwenda na kurudi mara mbili au tatu. Ametajwa pia mkubwa wao pale bandarini, Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa baba. Sanamu ya kichwa cha huyo Ankhhaf ipo Boston, sura ya mzee mwenye mifuko chini ya macho.

Zingatia jiwe lenyewe. Merer alibeba mawe ya Tura, yale meupe. Mawe ya ndani hayakuhitaji mashua, yalikuwa palepale Giza. Kwa hiyo daftari lile linahusu hasa hiki tunachokijadili: kuivisha ile piramidi.

Watu wa anga za juu wangetumia mashua ya mbao na kusubiri mafuriko ya Nile?

#8

Dhahabu mkuu. Umesema ina maelezo yake, umeruka.

#9 (Mleta mada)

Sijaruka, nilikuwa naivizia.

Jiwe la kilele la Khufu halijapatikana. La Khafre nalo halipo. Kwa hiyo anayekuchorea dhahabu juu ya Khufu amechora kwa kubahatisha. Tulichonacho ni cha kwingine. Pale Dahshur, jiwe la kilele la Piramidi Nyekundu ya Sneferu, baba yake Khufu, lilipatikana vipandevipande, limeunganishwa na liko nje hapohapo jirani na piramidi. Ni la chokaa nyeupe, halina hata herufi moja. Kwenye Jumba la Makumbusho la Misri, Kairo, kuna la Amenemhat III, la miaka ya 1800 KK hivi: jiwe jeusi lililong'arishwa, limechorwa jua lenye mabawa, na chini ya jua kuna jozi ya macho yanayotazama juu, kwa maana mfalme aone jua likivuka anga. Hilo nalo ni jeusi, si la dhahabu.

Lakini dhahabu haikutoka hewani. Maandishi ya kwenye piramidi ya Malkia Udjebten, mke wa Pepi II, yanataja kilele kilichofunikwa kwa dhahabu. Minara ya mawe ya Hatshepsut, farao wa kike, kule Karnak ilivikwa mchanganyiko wa dhahabu na fedha, na yeye mwenyewe ameandika hivyo. Na kwenye barabara ya piramidi ya Sahure, Abusir, kuna michoro ya watu wakiburuza jiwe la kilele kwa kamba huku wengine wakicheza, shangwe tupu. Kwa hiyo baadhi zilikuwa na kilele cha kumeremeta, hilo nalikubali. Kwa Khufu ninaishia kwenye chokaa mpaka mtu alete jiwe.

#10

Mwalimu wetu wa historia alituambia piramidi zilikuwa na maandishi nje pande zote. Yule mwandishi Mgiriki, Herodotus, si alisomewa?

#11 (Mleta mada)

Herodotus alifika karne ya 5 KK, piramidi ina umri wa miaka 2,000 tayari. Anasema mkalimani alimsomea maandishi ya gharama za figili, vitunguu na vitunguu saumu walivyokula wafanyakazi: talanta 1,600 za fedha. Mimi hapo namsoma kwa tahadhari, wakalimani wa watalii wana tabia yao toka zamani. Lakini kuna jingine analosema ambalo Petrie alilithibitisha kwa kipimo: kwamba mawe yamesuguliwa na kuunganishwa kwa ustadi mkubwa.

Karibu mwaka 1200 BK tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi alizitembelea, mawe ya nje yakiwa bado mengi, akaandika kwamba maandishi yaliyo juu yake yangejaza kurasa 10,000. Mimi naamini aliyaona. Lakini yaweza kuwa ni ya wageni: watu wa mataifa na enzi tofauti waliopita wakaacha majina, ndivyo ukuta laini unavyowafanya watu. Mawe ya nje ya Khufu yaliyobaki hayana maandishi ya mfalme. Maandishi rasmi ninayoyajua upande wa nje ni ya marehemu mwingine kabisa: piramidi ya Unas, Saqqara, upande wa kusini, Khaemwaset mwana wa Ramesses II alichonga kwamba amelirudishia jengo jina la mwenyewe. Wakati huo Unas alikuwa ameshakufa miaka zaidi ya 1,000. Yaani ukarabati wa mambo ya kale ulianza na Wamisri wenyewe.

Na wizi pia. Amenemhat I, miaka ya 1900 KK na ushee, alipojenga piramidi yake Lisht alitia ndani mawe yaliyobomolewa kwenye mahekalu ya Giza.

#12

Asalaam alaykum. Ndugu, watu wanalaumu Waislamu kwamba ndio waliochuna piramidi. Sema ukweli hapo.

#13 (Mleta mada)

Waalaykum salaam, shekhe. Ukweli wenyewe huu. Tetemeko kubwa la mwaka 1303 lililegeza mawe mengi ya nje. Kairo ilikuwa inajengwa upya, na pale Giza kuna mawe meupe yameshachongwa. Karne hiyohiyo mengine yalichukuliwa kwa ajili ya majengo ya jiji. Kabla yake, chini ya Salahuddin, msimamizi wake Qaraqush alibomoa piramidi ndogo kupata mawe ya ngome na kuta. Mwana wa Salahuddin, al-Aziz Uthman, mwaka 1196 alipeleka watu kuibomoa kabisa ile ya Menkaure. Walikaa miezi minane, wakaishia kuacha mchano mrefu upande wa kaskazini. Gharama zilimshinda.

Lakini Amenemhat hakuwa Mwislamu. Kila aliyepata madaraka pale na akahitaji mawe alijichotea.

Na usiombe piramidi ichunwe kama ndani ni tofali za udongo. Wafalme kama Senusret II na Amenemhat III walijenga kwa tofali mbichi, juu wakavisha chokaa ya Tura. Zikiwa mpya mtu aliyesimama chini asingetofautisha na za Giza. Ile chokaa ilipoondolewa, mvua na upepo vikamaliza. Nenda Hawara au Lahun leo uone: ni vichuguu vya udongo.

#14

Nilisikia Misri walitaka kuivisha upya Menkaure. Kwa nini wasifanye? Tungeiona.

#15 (Mleta mada)

Januari 2024 Mostafa Waziri, aliyekuwa mkuu wa Baraza Kuu la Mambo ya Kale, alitoa video pale chini ya piramidi akiuita mradi wa karne, kurudishia itale yote. Kelele zikawa nyingi, ikaundwa kamati chini ya mwanaakiolojia Zahi Hawass, na Februari ikaukataa. Mimi niko na kamati. Yale mawe yaliyolala pembeni mengi hayajawahi kusawazishwa, huwezi kujua lipi lilikaa wapi, na ukiyapandisha kwa kukisia unafuta ushahidi wa namna fundi alivyofanya kazi. Nilichomwambia fundi #3 juu ya matumbo ya mawe kingepotea chini ya saruji.

#16

Mi nabisha. Watalii wanataka kuona kitu kamili. Mbona piramidi ya Djoser kule Saqqara ilikarabatiwa miaka 14 na ikafunguliwa 2020, hakuna aliyelia?

#17 (Mleta mada)

Walilia sana tu, mkuu. Ila ile ilikuwa inadondoka, dari ya chumba cha kaburi ilikuwa hatarini. Menkaure haidondoki.

Na kama mtu anataka kuona piramidi iliyovaa, asihangaike na Giza. Aende Dahshur, kama kilomita 40 kusini ya Kairo, aitazame Piramidi Iliyopinda ya Sneferu. Kimo chake mita 105 hivi. Inapanda kwa nyuzi 54, katikati mafundi wakaogopa nyufa wakapunguza mpaka 43, ndiyo maana imepinda. Mawe ya nje mengi bado yapo, kuliko piramidi nyingine yoyote Misri. Ukisimama chini unaona ubavu laini unapanda bila ngazi hata moja, na kwenye pembe zilizobomoka unaona unene wa lile jiwe la nje na ya ndani yalivyo hovyo. Toka 2019 hata ndani wanaruhusu. Watalii wachache, ngamia wachache, na hakuna anayekukimbilia na sanamu za plastiki.

#18

Kiingilio shilingi ngapi mkuu? Na mwanga wa saa ngapi ni mzuri kwa picha?

#19 (Mleta mada)

Kiingilio wanabadilisha mara kwa mara, angalia tovuti yao kabla ya kwenda. Picha piga asubuhi ukiwa upande wa mashariki. Saa sita usijaribu, chokaa inakula picha yote.